Soma Ukiwa Umekaa

Nyumbani, 4 Machi

Kwako mdogo wangu Chapuchapu,

Sisi huku hatujambo. Naandika hivyo kwa sababu barua lazima ianze hivyo. Wewe sikuulizi hali, jibu lako nalijua: "Niko fiti, dada," huku unahema kama umepandisha gunia ghorofani.

Mama mdogo anakusalimu. Amepata miwani mipya, na sasa anaona vumbi lote ambalo zamani lilikuwa linajificha, kwa hiyo humu ndani hamkaliki. Anafuta meza mimi bado nakula. Binti yangu ameng'oka meno ya mbele, na kila mgeni akija anafunuliwa mdomo aone pengo, atake asitake. Fundi bomba alikuja akatengeneza bomba la jikoni, akaharibu la bafuni. Nimemwambia akirudi aje na mama yake, nitaongea na mtu mzima.

Kazini ndiko kwenye vituko. Mwenye jimu amenunua mashine mpya za kukimbilia, kila moja ina televisheni yake mbele. Sasa watu wanapanda, wanawasha tamthilia, wanatembea taratibu kama wanamsindikiza bi harusi. Jana kuna mmoja kakalia baiskeli ya mazoezi tangu nafungua mpaka naosha sakafu, anasoma simu, hana hata tone la jasho. Nikamuuliza, kaka, umekuja kufanya mazoezi au umekuja kukaa? Akaniambia nipunguze sauti, anasikiliza kitu. Nimebandika tangazo mlangoni: SIMU ZIBAKI KABATINI. Mwenye jimu akalichana. Nimebandika lingine.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi na kalamu kama watu wa zamani. Ni kwa sababu ujumbe wa simu unausoma ukiwa juu ya mashine, halafu unanijibu kidole gumba. Sitaki kidole gumba chako. Karatasi inataka mikono miwili na makalio yaliyotulia. Tafuta kiti. Ukurasa wa pili usome ukiwa umekaa.

Baba ameanguka. Ameanguka jimu kwangu, kwenye mashine ya kukimbilia, mchana kweupe, watu wanaona. Nyonga imevunjika. Wamempasua, wamemtia chuma, na sasa yuko nyumbani, kitandani. Alitukataza tusikuambie. Mimi nakuambia kwa sababu ni baba yako pia, na kwa sababu nyingine ambayo leo siiandiki.

Simu yake ninayo mimi, nimeizima. Ukinipigia sipokei. Nimeziona simu zako zote, usidhani mtandao ni mbovu. Nikikusikia unahema nitatukana, na binti yangu yupo anasikiliza. Andika.

Mimi dada yako.


Ughaibuni kwangu, 23 Machi

Kwako Sajini, mkuu wa kikosi,

Salamu zikufikie hapo ulipo, umeshika filimbi. Mimi mzima, sina neno. Loo, barua! Ya karatasi! Mwenye nyumba wangu alinigongea mlango akidhani ni hati ya mahakama. Nimecheka peke yangu na miwani ya mama mdogo. Mwambie mpwa wangu asifunge mdomo mpaka nije nilione pengo hilo.

Kazi ni ileile. Usiku kucha nimekaa mbele ya ukuta wa skrini, naangalia ghala ambalo halina hata panya. Mtu akiteleza huko ndani, akidondokewa na boksi, mimi ndiye wa kwanza kuona, nabonyeza kengele. Bosi ananiita Jicho. Anasema sijawahi kupitwa na kitu. Nikitoka hapo naenda jimu moja kwa moja, maana nikilala bila kukimbia naamka na miguu ya mbao.

Sasa nina ugomvi na baba, naomba umfikishie. Siku hizi simu yake imezimwa tu. Na mara ya mwisho tulipoongea alinikatia bila hata kuaga! Mwambie nimekasirika. Saa ile ndiyo saa yetu, anaijua. Mimi nakimbia huku, yeye anatembea huko, simu zimesimama mbele yetu, ananiambia, "Usiniache, naongeza mwendo nikufikie." Wenzangu hapa wote wanamjua, wakipita nyuma yangu wanampungia mkono. Au ndiyo umempiga marufuku na yeye? Maana hilo tangazo lako, dada, nisamehe, ni ushamba. Dunia nzima watu wanafanya mazoezi na kioo mbele. Mtu anasoma, anaangalia mpira, anaongea na mzazi wake, muda unakwenda bila maumivu. Kosa liko wapi? Acha kuwa polisi wa jasho la watu.

Mwambie aichaji simu yake, nampigia Jumamosi. Na wewe upokee, umenuna nini?

Samahani kwa mwandiko, naandika juu juu nikisubiri zamu. Barua yako imelowa kidogo pembeni, lakini nimeisoma.

Wako,
Chapuchapu


Nyumbani, 14 Aprili

Wewe,

Salamu nimezifungia kabatini pamoja na simu. Leo hupati hata moja.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikairudia nimekaa, nikaenda nayo chooni nikaisoma tena huko, nikitafuta mahali unapouliza, "Baba anaendeleaje?" Hakuna. Unaulizia pengo la mpwa wako. Unaulizia miwani. Unamtuma baba achaji simu! Nikasema huyu mtoto amekuwa shetani lini? Halafu nikaliona lile neno lako. Imelowa.

Imelowa nini? Huko kwenu mvua inanyesha ndani? Imelowa jasho! Ulipanda na barua yangu juu ya mashine. Uliiegemeza pale mnapoweka chupa ya maji, ukasoma ukurasa wa juu huku unarukaruka, ukacheka, ukachoka, basi. Mimi nakuandikia kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea, usome ukiwa umekaa, na wewe umeusoma huo mstari huohuo ukiwa unakimbia, ukaona ni utani wa Sajini.

Haya. Narudia, na safari hii naweka ukurasa wa kwanza.

BABA AMEANGUKA. AMEVUNJIKA NYONGA. YUKO KITANDANI.

Umeona? Au nikuchoree?

Na kwa kuwa unauliza kosa liko wapi, nitakuambia alivyoanguka. Unaijua ile kamba nyekundu ya mashine ya kukimbilia, yenye klipu mwishoni. Unaibana kwenye nguo. Ukijikwaa, kamba inavutika, mashine inazima hapohapo. Baba nilimfundisha mimi mwenyewe, na kila siku alikuwa anaibana, ananionyesha kama mtoto aliyefunga vifungo vya shati. Siku ile kishikio cha simu kilikuwa kimelegea, simu inacheza. Akaitoa klipu kifuani, akaizungusha ile kamba kwenye simu, akaifunga vizuri, akaibana. Nilipomuuliza hospitali, baba, kwa nini? akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Akasema, "Mwanangu alikuwa anataka kuanguka."

Wewe. Alikufunga wewe usianguke.

Halafu ukamwambia nini? "Leo nakwenda kasi, baba." Naye akabonyeza kile kitufe cha kuongeza, maana anaona aibu kutembea wakati mwanawe anakimbia. Mtu aliyepata kiharusi mwaka juzi, mguu wa kushoto bado anauburuta! Alipojikwaa hakukuwa na kamba ya kuzima chochote. Mkanda wa mashine ukamtupa ukutani.

Hujawahi kumpigia baba ukiwa umekaa. Hata mara moja. Unampa zile dakika ambazo ungemsikiliza mtangazaji wa mpira, na mzee wa watu anazishika kama dhahabu. Hiyo ndiyo hasira yangu. Siyo yote, lakini ianzie hapo.

Usipige simu. Nimeshamwambia na mama mdogo.

Dada yako


Ughaibuni, 30 Aprili

Dada,

Mimi sijambo na nyinyi sijui, maana umehakikisha nisijue.

Ukurasa wa pili nimeupata. Ulikuwa ndani ya begi la jimu, umenata kwenye taulo. Nimeusoma nimekaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, watu wananipita, mmoja akaniuliza kama nahitaji maji. Umefurahi? Ulitaka nikae, nimekaa.

Tangu hapo nimepiga simu mpaka sikio limeota sugu. Yako hupokei. Ya baba imekufa. Mama mdogo akapokea, nikasikia akinong'ona, "Ni yeye, nifanyeje?" kisha akaniambia baba amelala, akakata. Saa sita mchana amelala! Mama mdogo hajui kudanganya, na wewe umemfundisha uzeeni.

Sasa na mimi niseme. Umesema kwa kurasa mbili, zamu yangu.

Kwanza, hiyo jimu msimamizi ni nani? Ni mimi? Kamba ile ni kazi ya nani kuiangalia? Mtu ana kiharusi, anapanda mashine kwako, chini ya macho yako, na filimbi shingoni kwako, anatoa kamba kifuani anafungia simu, na wewe uko wapi? Ulikuwa wapi, Sajini? Hilo hukuliandika. Barua yako imejaa mimi, mimi, mimi.

Pili. Unafikiri nakimbia kwa maringo? Unadhani natafuta kifua cha kupigia picha? Mwaka jana nilianguka kazini, dada. Nilitoka kwenye kiti nikajikuta sakafuni, na hao niliokuwa nawaangalia kwenye skrini ndio walioniokota. Daktari akanipima presha, akapima tena, akaniuliza baba yako yuko hai? Nikasema yuko hai, alipata kiharusi. Akasema basi kimbia. Kila siku, kimbia. Sikuwaambia kwa sababu mlikuwa na baba kitandani, na sikutaka mama mdogo aanze kulia kwa watu wawili. Kwa hiyo usiku nimekaa, mchana nimelala, hapo katikati nina saa moja tu ya kuwa na miguu, na saa hiyo nilimpa baba. Hukuona nimempa. Umeona nimempa makombo.

Tatu, sikuona akianguka. Mtandao ulikatika. Mara anaongea, mara kimya, nikajua kakata. Ningemwona baba yangu anaanguka nisipige kelele? Mimi? Kazi yangu ni hiyo, dada. Ni hiyo tu ninayoijua duniani.

Baba si mali yako. Nifungulie.

Mdogo wako


Nyumbani, 17 Mei

Kwako mdogo wangu,

Mama mdogo anakusalimu, na anasema hajui kudanganya lakini anajifunza. Alipoisoma barua yako na miwani yake mipya alilia kweli kwa watu wawili, kama ulivyosema. Ungetuambia. Mwaka mzima, Chapuchapu! Ulikuwa unahema, na mimi nakucheka.

Umeniuliza nilikuwa wapi. Nitakujibu. Nilikuwa upande wa pili wa ukumbi, nimempa baba mgongo, nagombana na yule jamaa wa baiskeli kuhusu simu yake. Naam. Nilikuwa namfokea mtu mwingine aache kuangalia simu, na nyuma yangu baba yangu amefunga kamba kwenye simu. Nilisikia kishindo nikiwa katikati ya sentensi. Hilo ni langu, nalala nalo, huna haja ya kuniongezea.

Lakini mtandao haukukatika.

Hii ndiyo ile sababu ambayo sikuiandika. Sikutaka kuiandika kabisa, nilipanga nife nayo, ila umeandika "sikuona" kwa kalamu yako, na siwezi kulinyamazia.

Nilizima mashine, nikamlaza baba vizuri, watu wakaenda kuita gari. Nikainua macho. Simu ilikuwa palepale juu, imefungwa na kamba nyekundu, imara, haijatikisika. Na wewe ulikuwamo. Ulikuwa bado unakimbia. Kioo chako kilikuwa kinakuonyesha ukuta, ukuta mtupu wa jimu, na feni. Baba hayupo. Na macho yako hayakuwa kwenye simu, yalikuwa juu, kwenye televisheni yao. Nikakuita. Nilikuita kwa jina lako la utoto, mara nyingi, watu wote waligeuka. Una hedifoni masikioni, sijui ulikuwa unasikia nini. Ukapiga kelele, "Toa pasi, wewe!" Ulikuwa unaangalia mpira. Marudio, siyo hata mechi yenyewe.

Baba alikuwa chini ananishika kifundo cha mguu. Akasikia sauti yako. Akasema, "Mwache amalize, usimkatishe."

Mimi ndiye niliyekata. Baba hajawahi kukukatia simu maishani mwake.

Sasa unajua. Kama umesimama, kaa.

Kuna jambo jingine, na hili linanikera kuliko yote, kwa sababu inabidi nikuombe. Mimi sijamfungia baba. Nimekuacha uamini hivyo kwa kuwa nilikuwa na hasira, na ilinifaa. Ni yeye ndiye hataki. Siku ya kwanza tu aliyorudi nilimpelekea simu, nikasema mpigie mwanao, akanirudishia. Akasema, "Asinione nimelala. Nikisimama nitampigia." Na hasimami. Yule dada wa mazoezi ya viungo anakuja, anamletea ile fremu ya chuma ya kushikilia, anambembeleza, baba anageukia ukutani. Anasema atatembea na nani. Ile fremu ameizoea hapo kando ya kitanda, anaongea nayo kama mtu. Anaiambia, "Rafiki, kesho." Kesho haifiki. Miguu imekuwa myembamba, ngozi ya mgongoni imeanza kuwa nyekundu. Yule dada amenivuta kando akaniambia wazi: asiposimama ndani ya mwezi mmoja, hatasimama tena, na mtu wa umri huu akilala hivyo hakai sana. Nimemfokea, sikuwa na mwingine wa kumfokea.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Juni, mchana wetu, nitaitoa simu kabatini. Nitamwekea usoni, apende asipende. Nitamfunika shuka hadi kidevuni ili usione kitanda. Piga.

Ila sikiliza. Piga ukiwa umekaa. Nikikuona unarukaruka juu ya mashine, nakata, na safari hii nitaivunja hiyo simu.

Dada yako, Sajini


Ughaibuni, 8 Juni

Kwako dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi nipo. Sijui niseme mzima au vipi, nipo tu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimekaa. Nikaendelea kukaa mpaka giza likaingia chumbani, sikwenda kazini, bosi akapiga nikamwambia Jicho linaumwa. Kuhusu ule mpira sina la kusema. Nimetafuta la kusema siku zote hizi. Hata timu zilizokuwa zinacheza sizikumbuki. Nimetukanwa na watu wengi huku, lakini hakuna tusi lililonikaa kama "mwache amalize".

Jana nikapiga. Wewe ulikuwepo, lakini hukuona nilichoona mimi, kwa hiyo acha nikuandikie.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima, kama nasubiri kuitwa na daktari. Simu nikaiegemeza kwenye sukari. Hedifoni nikazitupa kitandani. Baba akatokea, kichwa na shuka tu, ndevu zote nyeupe. Dada, hukuniambia amekonda hivyo. Hakusalimia. Akanitazama, akasogeza uso karibu na kioo mpaka nikawa naona pua.

"Mbona umekaa?"

Nikasema nimekaa tu, baba, nataka tuongee.

"Wewe? Wewe hukai. Ulikuwa unakula unatembea. Unaumwa?"

Nikasema siumwi.

"Unaumwa. Unanificha. Wamekukata miguu?"

Na presha kweli ninayo, siwezi kuurudia ule uongo na siwezi kumwambia ukweli. Nikanyamaza. Nadhani kimya changu ndicho kilichomtisha. Nikasikia anapiga kelele, sauti ileile ya zamani ya kutuita tukichelewa mtoni: "We Sajini! Niletee huyo rafiki hapa! Mtoto hawezi kusimama!"

Nikasikia umeangusha sufuria, sijui ni nini.

Kisha akaiweka simu mahali, akaondoka kwenye kioo. Nikabaki naangalia ukuta.

Ukuta mtupu, dada. Una msumari, na alama ya mahali palipokuwa na picha ya mama. Nalipwa kuangalia skrini usiku kucha, na sijawahi kuangalia kitu kama nilivyouangalia ukuta ule. Nilikuwa naogopa kupepesa. Nasikia chuma kinagonga sakafu. Nasikia wewe, "Polepole, baba," na yeye, "Niache, niache, shika huko." Nasikia anahema, anavyohema vibaya, na mimi siwezi kufanya lolote, nimekaa kwenye kiti. Mama mdogo anasema jamani, jamani. Kisha kimya. Nikakuita, hukunisikia. Sasa najua ilivyo kuita mtu kwenye kioo asikusikie.

Bega likaingia kwenye picha, lile la fulana ya mistari. Kisha uso. Amesimama, anatetemeka mpaka fremu inalia. Akainama kidogo anitazame.

"Haya. Mimi nimesimama. Inuka na wewe."

Nikainuka.

"Unaona? Miguu unayo. Shika simu, twende. Usinikimbize."

Tukatembea. Yeye kutoka kitandani hadi dirishani, mimi kutoka kitandani hadi mlangoni. Chumba changu kidogo, ilinibidi nipunguze hatua niende kwa mwendo wake, nilikuwa nasahau, ananigombeza. Sijawahi kwenda polepole hivyo tangu nizaliwe. Alipofika dirishani akaegemea, akaniambia, "Kesho upige tena, bado umelegea."

Ulipochukua simu nilikuona unalia, na wewe uliniona, tukakata haraka kama wezi. Sasa na mimi nikuambie, siyo kwamba yamekwisha. Kuniacha miezi yote hiyo niamini umemfungia, hilo linanichoma, na nikija tutagombana uso kwa uso, ujiandae. Lakini nisamehe, dada. Nimeanza na ugomvi kwa sababu msamaha ni mgumu kuuomba.

Mdogo wako


Nyumbani, 26 Juni

Kwako mdogo wangu Chapuchapu,

Sisi hatujambo, na leo naandika hivyo kwa sababu ni kweli kidogo. Mama mdogo anakusalimu, ametoa vumbi hata juu ya taa. Binti yangu ameota jino moja, limekaa upande, anasema ni la mapambo. Fundi bomba hajarudi, nadhani alimwogopa mama yake.

Kazini, mwenye jimu na mimi tumegombana tena. Nikamwambia nitatii, simu siziingilii, waangalie tamthilia zao mpaka macho yatoke. Ila nimebandika tangazo jipya kwenye kila mashine, na safari hii hajathubutu kuchana: KAMBA NI YA NGUO, SI YA SIMU. Kila anayepanda namfuata, navuta kamba nione. Yule jamaa wa baiskeli ameniuliza baiskeli kamba yake iko wapi. Nimemwambia aendelee kukaa.

Kuhusu kugombana uso kwa uso, njoo tu. Nakusubiri. Bado nina hasira, usifikiri machozi yale yameifuta. Nikikumbuka "toa pasi" mikono inawasha. Itaisha ikiisha. Msamaha wako nimeupokea, nimeuweka.

Sasa jambo lenyewe.

Baba anatembea kila siku unapopiga. Juzi kafika jikoni. Yule dada wa viungo alishangaa, akaniuliza nimempa nini. Jana, wakati anakusubiri upige, alikuwa ameshavaa viatu, viatu vya kutokea nje, ananiambia, "Yule mtoto ana hali mbaya. Umemwona? Kila nikimkuta amekaa. Nisipomwinua mimi, huko ugenini nani atamwinua?" Halafu akaniambia nisikuambie, usije ukajiona mgonjwa.

Mimi sijamsahihisha, na wewe usimsahihishe. Usije ukapiga umesimama ili kumfurahisha, ukamwambia, "Tazama baba, nimepona." Ukipona leo, kesho yeye analala. Najua usiku kucha umekaa, najua kiuno kinakuuma, najua ukimaliza kazi hutaki hata kukiona kiti. Utakaa hivyohivyo. Legea kidogo, akuone. Umsubiri akuinue.

Ukishamaliza naye, nenda kakimbie, daktari amesema. Na kamba ubane kwenye nguo.

Dada yako